Mgeni wa Chumba 214

Zlatka, ninayelala naye chumba kimoja kule chini karibu na injini ya meli, anaapa kwamba yule mzee alivua viatu akapanda kitandani kwa mke wa mtu, na mama wa watu akapiga yowe lililosikika mpaka Belgrade. Muda wote huo Zlatka alikuwa jikoni anamenya viazi. Aliyekuwa koridoni na ndoo ni mimi.

Kwanza, Bibi Ottilie si mke wa mtu. Ni mjane kutoka mji wa Passau. Pili, hakupiga yowe lolote.

Siku hiyo tulitia nanga mjini Novi Sad. Gati lilikuwa limejaa, kwa hiyo meli nyingine ya kampuni yetu ikafungwa ubavuni mwetu, upande wa mtoni, na abiria wake wakawa wanapita ndani ya meli yetu kwenda mjini na kurudi. Meli hizi ni pacha, zulia lile lile, picha zile zile ukutani, namba zile zile milangoni. Ila vibao vya funguo zetu ni vya bluu, vyao vya kijani.

Saa tisa na nusu alasiri niliacha wazi mlango wa 214 ili sakafu ya bafu ikauke, nikaenda kuchukua taulo. Kurudi, namkuta mzee amelala chali kitandani, viatu amevipanga vizuri chini. Bibi Ottilie ametoka sokoni, amekaa kwenye kiti anamtazama.

"Kosara," akaninong'oneza, "huyu yumo kwenye nauli yangu, au nitaongeza?"

Mzee akafumbua macho. "Wewe si Roswita."

"Na wewe si marehemu mume wangu. Yeye alikoroma zaidi."

Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaomba radhi mara tatu, kisha akatoa kwenye karatasi bureki, ile sambusa kubwa ya jibini ya huku, bado ya moto, akamgawia nusu. Bibi akaila. Wakaanza kubishana kama ina chumvi mno. Ningewaacha wamalize, lakini nikauona ufunguo wake mezani. Kibao cha kijani. Na meli yao inaondoka saa kumi, zimebaki dakika chache.

"Mzee, kadi yako ya kutokea iko wapi?"

"Anayo dada yangu Roswita. Ametangulia, kasema atanitundikia na yangu nisihangaike."

Abiria akishuka huchukua kadi yake ubaoni, akirudi huitundika. Ubao ukijaa, kamba zinafunguliwa. Kwa hesabu yao mzee yumo ndani tayari.

"Dawa zangu za moyo ziko kule," akasema taratibu.

Nikamshika mkono. Ngazi za wageni haturuhusiwi kuzipanda na aproni, nilizipanda. Juu, baharia wao Dragiša alikuwa ameshafungua kamba moja.

"Dragiša, ngoja. Una mtu huku."

"Ubao umejaa, dada."

"Umejaa uongo. Mtu wako huyu hapa."

Akamtazama mzee, akatazama soksi zake, akarudisha daraja la kuvukia, mzee akavuka. Roswita alikuwa upande wa pili anasoma kitabu. "Muda wote huo chooni?" akamuuliza kaka yake. "Ulikula nini huko mjini?" Nikakimbia kuleta viatu, nikavirusha, kimoja nusura kiangukie mtoni.

Meli ikaanza kujitenga nasi. Bibi Ottilie akaja akasimama karibu yangu, chembe za bureki kifuani. Kule mzee alikuwa anapunga mkono, kiatu kimoja mguuni.

"Anaitwa nani?"

"Sijui, Bibi."

"Ila nyie wafanyakazi mnapigiana simu na wale wa kule. Nawasikia."

Mfanyakazi akitoa habari za mgeni huteremshwa gati linalofuata, kazi imeisha, na mimi msimu huu bado nina miezi minne. Maji yalikuwa yanapanuka kati yetu, ya kahawia, yametulia.

"Kosara," akasema, safari hii bila utani, "muulize tu huyo Dragiša jina lake, na kesho wanalala wapi. Nakuomba."