Mbwa wa Kifuani

Mke wangu Beatha alikufa ndani ya shimo la maji la kijiji, na mwenyekiti wa kamati ya maji akasimama kwenye mazishi akasema marehemu alisahau kufunga kifaa chake. Ndivyo watu walivyoambiwa, na ndivyo walivyoendelea kujua. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika kamba.

Maji yetu yako chini ya mwamba, juu kidogo ya mashamba ya tangawizi, ndani ya pango linaloshuka wima kama kisima. Mdomo wake ni mwembamba na ndani kumejaa popo. Watu wa mradi walipoweka bomba kule chini walifunga na chujio, wakasema kila mvua zikiisha mtu ashuke aondoe tope. Wakapiga picha, wakaondoka. Wanaume wengi kifua hakipiti pale mdomoni. Beatha alipita, basi wakamfundisha yeye.

Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda. Unavaa mkanda, na kifuani unafunga chuma bapa kama ukubwa wa kiganja, kamba inapita ndani yake. Kina ulimi wenye meno. Ukijiinua kwa kitanzi cha mguu kinaachia, ukikaa kinaing'ata kamba, unaning'inia hapo hapo, unapumua, unajiinua tena. Beatha alikiita mbwa. "Leo mbwa wangu kashiba tope," alikuwa akisema akitoka, uso mweusi kwa mavi ya popo, anacheka.

Lile tope lina mchanga, na mchanga ukala meno ya mbwa. Beatha alimwambia mwenyekiti Asheri mbele yangu kwamba mbwa anateleza, atafutwe mwingine. Asheri akasema ombi limeshapelekwa wilayani. Nilipokwenda huko kuuliza, dada mmoja alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake kwamba linashughulikiwa. Wakubwa wanashughulikia. Mtu anazikwa, wao wanashughulikia.

Sasa sisi wa huku juu tuna desturi yetu. Kabla ya msaragambo, siku ya kazi ya wote, kila chombo kinanolewa. Majembe, mapanga, miundu, vyote vinakusanywa kwa mwenyekiti na fundi anavipitia kwa tupa kimoja kimoja. Siku ya kuzibua chujio ilikuwa siku ya msaragambo. Asheri akatoa mbwa kwenye stoo ambayo ufunguo anao yeye, akampa Beatha.

"Mbona anang'aa?" Beatha akauliza.

"Nilimtia kwenye fungu la kunolewa. Sasa atang'ata vizuri, mama. Utanishukuru."

Wanawake walikuwa wameshapanga ndoo. Beatha akanitazama, akafunga kifua, akashuka. Alisafisha, maji tukayasikia yakikoroma kwenye bomba. Alipoanza kupanda, kamba ikatetemeka mkononi mwangu, halafu ikawa nyepesi. Kamba zile zina ganda nje na nyuzi ndani. Meno yaliyonolewa yalikuwa yamelichana ganda, likavuka kama soksi, likashuka naye. Tulimtoa kwa kulabu na kamba za katani.

Mvua zilizofuata chujio likaziba. Bomba likakauka. Wanawake wakarudi kuchota korongoni, kwenye ile njia ya mawe ambayo hata mbuzi anafikiria kwanza. Binti yangu Honorata akawa anapita huko na ndoo kichwani na mimba kubwa tumboni. Nikawa namtazama anavyoshuka, kila asubuhi, mpaka anapotea kwenye kona. Halafu nasubiri kumwona anapanda.

Ndipo Asheri alipokuja nyumbani.

"Hodi, Baba Honorata."

"Karibu. Makande yapo, maji ya kunawa hakuna."

Hakucheka. Akakaa. "Wilaya imeleta kamba mpya. Mbwa hawakuleta. Kamati itanunua yenyewe. Twende mjini Same wewe uchague, unamjua alivyo."

"Na nani atamvaa?"

Akanitazama kifuani. Tangu Beatha afe nimekonda, mashati yananing'inia. Nilimwona kabisa anapima.

"Wewe sasa unapita," akasema.

"Kwa kazi yako wewe, napita."

Nikamwambia nitachagua na nitashuka, ila Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, asimame aseme kwamba mbwa alinolewa, na aliyeagiza anolewe ni nani. Aseme Beatha alifunga kifaa chake.

"Tupate maji kwanza."

"Sema ndiyo."

"Haya, ndiyo. Ndiyo, Baba Honorata."

Tukashuka Same na pikipiki yake. Upepo wa kule na vumbi lake unaujua mwenyewe. Kando ya barabara kuu kuna kontena la kijana anayeitwa Rodrick, anauza vifaa vya wapanda minara ya simu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

Akatupangia mezani. Asheri mara moja akakamata kubwa lenye mpini wa mpira. "Huyu! Tazama mkono wake ulivyo. Huyu ndiye imara."

"Huyo ni wa kushika mkononi, mzee," Rodrick akasema. "Ukimfunga kifuani utang'oka meno."

Akanipa mwingine, wa buluu, mwepesi kama karatasi. Akasema vijana wa minara wanampenda. Nikatoa kopo kwenye mfuko wa rambo. Nilikuwa nimechota tope la pale mdomoni mwa shimo, na nimebeba pia kipande cha ile kamba mpya.

"Mzee, umeleta udongo dukani kwangu?"

"Huo ndio chakula chake."

Rodrick akacheka, akaifunga kamba kwenye boriti ya kontena. Tukaipaka tope. Nikavaa mkanda, nikaning'inia. Yule wa buluu akateleza kwanza, kisha akang'ata. Kwangu hiyo "kwanza" ilinitosha. Beatha nilimsikia katika hiyo "kwanza".

"Minara ni mikavu," Rodrick akasema, sasa hacheki. "Subiri." Akaingia nyuma, akatoka na mwingine, mzito, hana rangi. Akanionyesha pale kamba inapopita, pamewekwa chuma cha pua ili mchanga usipale. Kwenye ulimi, katikati ya meno, pana mwanya wa tope kutokea. Akasoma unene wa kamba ulioandikwa ubavuni, akaulinganisha na kipande changu. Nikaning'inia. Hakusogea. Nikajirusha kidogo, hakusogea. Akaning'inia Rodrick mwenyewe, na kitambi chake.

"Zamu yako, mwenyekiti," nikasema.

"Mimi nina presha."

"Kafungie presha yako kwenye mkanda."

Hakuvaa. Akaanza kubishania bei, akisema yule wa buluu anatosha, kamati haina uwezo. Hapo nikamtoa yule mbwa wa zamani, niliyemfungua mwilini mwa Beatha nikamhifadhi, nikamweka mezani. Rodrick akampitishia kidole, akakirudisha haraka.

"Nani kapiga tupa hapa?"

Akamgeuza kwenye mwanga.

"Hawa hawanolewi, wazee. Wakiisha wanatupwa. Huyu atachuna kamba kama ndizi. Aliyemvaa yuko wapi?"

"Muulize mwenyekiti," nikasema.

Asheri alikuwa amegeuka anatazama malori. Alimlipia yule mzito bei kamili.

Jumamosi nilishuka. Sitaeleza hofu, kila mtu anaijua ya kwake. Kule chini kuna baridi na harufu inayochoma macho. Chujio lilikuwa limezama kabisa kwenye tope, na pembeni yake buti moja la Beatha limesimama wima, limejaa. Tulipomtoa alikuwa na buti moja, tukadhani jingine limepotea kwenye maji. Nikalimwaga. Sepetu niliyopewa haikuingia kwenye kona ya chujio, buti liliingia. Basi nikachotea tope kwa buti la mke wangu mpaka maji yakakoroma. Huko juu nikasikia vigelegele. Siku ile ya Beatha navyo vilipigwa, kabla hajaanza kupanda.

Nikapanda. Mbwa akang'ata, nikakaa. Akaachia, nikajiinua. Kila nilipokaa nilisubiri ateleze. Hakuteleza. Mwanga wa mdomoni ukawa mkubwa, mikono ikanivuta, na Asheri alikuwa wa kwanza kunishika bega.

"Umefanya kazi ya kiume."

"Kesho," nikamwambia.

Kesho yake kanisani, wakati wa matangazo, Asheri alisimama na suti yake. Akamshukuru Mungu kwa maji. Akaishukuru wilaya kwa kamba. Akaishukuru kamati kwa kununua kifaa cha kisasa. Akasema na mimi nipigiwe makofi, wakapiga. Akakaa.

Tulipotoka watu walibaki kwenye mnada wa ndizi na kuku wa sadaka. Mimi nikaenda nyumbani, nikachukua koleo ndogo ya mkononi na waya wa fensi, nikaenda kwenye bomba la kijiji. Yule mbwa aliyenolewa nikamfunga kwenye nguzo, pale pale juu ya koki, usawa wa macho ya mtu aliyeinamisha ndoo. Nikasokota waya mara nyingi. Chini yake nikaliweka lile buti. Nikakaa kwenye jiwe.

Asheri alikuja kabla ya wanawake, amelegeza tai.

"Baba Honorata, toa hicho chuma."

"Koleo hii hapa. Toa wewe."

Akaipokea. Akaanza kukunjua waya, lakini ndoo zikawa zinasikika njiani zikigongana, na Honorata mbele, anatembea taratibu, mkono kiunoni. Asheri akairudisha koleo kwenye jiwe. Hakuondoka.

"Baba, hiki nini?" Honorata akauliza. Wenzake wakasogea.

"Hiki ndicho alichovaa mama yako," nikasema. "Alikifunga. Nilimwona akikifunga. Pitisha kidole kwenye meno, halafu muulize huyu hapa ni nani aliyeagiza kinolewe. Pole pole, mwanangu. Bado kinakata."