Analala Nje, Madame

Mimi ni mtu wa kulala mchana. Usinicheke. Kiwanda cha Mobeni kinanichukua jioni na kunirudisha asubuhi, na watu wengine wakianza kutafuta viatu vyao, mimi ndiyo navua vyangu. Mwaka wa saba huu. Ukilala mchana Durban, usingizi wako haufungi vizuri. Joto linaingia, redio ya jirani inaingia, mwanga unapita kwenye pazia na kukaa juu ya macho, na wewe uko nusu hapa, nusu Uvira, kwetu Kongo. Naona ziwa. Naona dada yangu Joséphine anatwanga majani ya muhogo ya sombe, nasikia kabisa mchi wake, kumbe ni mtu wa nyumba ya mbele anapigilia misumari. Nilikuwa naamka saa tisa alasiri, nakaa kitandani nikijiuliza niko wapi, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Halafu akaja Biskuti. Biskuti ni mbwa. Ngoja, usikunje uso, hata mimi nilikunja. Ni wale mbwa warefu wa miguu mifupi ambao hapa wanawaita mbwa soseji. Akitembea, tumbo linakaribia kufagia sakafu. Aliyeniletea ni Kagendo, dada wa Kikenya ninayesali naye. Anafanya kazi kwa daktari wa wanyama, na siku zake za mapumziko anajitolea kwenye kikundi kinachookoa mbwa wa umbo hilo tu. Umbo hilo tu! Nilimwambia, "Mdogo wangu, sisi tulikimbia vita na watoto mgongoni, hakuna aliyeuliza nani mrefu nani mfupi. Ninyi mnaokoa kwa kuchagua?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia mwenye mbwa amehamia Australia, mbwa ana miaka tisa, mgongo wake ni mgonjwa, na watu wote wanataka watoto wa mbwa, hakuna anayetaka mzee. Basi nimlee kwa muda tu, wiki mbili, mpaka apate mtu wa kumchukua moja kwa moja.

"Wiki mbili, sawa," nikasema. "Siku ya kumi na tano nakurudishia mlangoni kwako, na usijifanye hauko nyumbani."

Sasa ni miezi mitano.

Nitasema yote, maana kuficha kulishanitia taabuni. Siku ya kwanza nilimtandikia gunia karibu na mlango, nikalala. Hakulia. Alikuja akasimama kando ya kitanda, akawa anapumua tu. Unajua mtu akikaa kimya na anakusubiri, kimya chake kinakuzuia kulala. Nikasema bon, leo tu, nikamnyanyua. Akaingia chini ya blanketi kichwa mbele, akaenda mpaka kwenye miguu, akageuka huko gizani, akarudi polepole na kujinyoosha kwenye mgongo wangu. Mgongo wake mgonjwa kwenye mgongo wangu uliosimama kwa saa kumi na mbili. Akashusha pumzi. Na mimi nikashusha.

Ziwa likaja kama kawaida. Lakini safari hii nilikuwa nimekaa ufukoni na mtu mwingine. Sikumwona uso, na sikuwa na haja ya kumwona. Maji yalikuwa yanapanda na kushuka, kumbe ni mbavu zake. Nilipoamka nilijua papo hapo niko wapi: niko Umbilo, kwenye chumba changu cha nyuma, na Biskuti.

Tangu siku hiyo sijalala peke yangu. Daktari alimkataza kuruka, kwa ajili ya mgongo, kwa hiyo nilimtengenezea ngazi ya mbao ya kupandia kitandani, kwa mikono yangu hii. Nikamnunulia bakuli na kikapu ambamo hajawahi kulala hata mara moja. Lakini kanisani sikumwambia mtu. Mama mzima anayeimba chorale, alale na mbwa? Wangeniombea mpaka sauti zikauke. Hata Kagendo sikumwambia. Alidhani analala jikoni.

Ndipo Kagendo akapiga simu. Akasema wakubwa wa kikundi wamechoka kungoja: kuna familia ya huko Hillcrest inamtaka Biskuti. Ama nimchukue mimi kwa karatasi, awe wangu kabisa, ama aende. Na kabla ya kunipa karatasi, Jumamosi saa tatu atakuja mtu kukagua nyumba yangu. Nikishindwa, mbwa anaondoka naye siku hiyo hiyo.

Sikuweza kukaa chini. Nilikuwa nazunguka chumbani na simu sikioni. "Sasa nifanye nini, mdogo wangu?"

"Ni mgeni kama mgeni mwingine, Mama Feli," akasema. "Fagia vizuri, pika kitu kizuri. Na Biskuti mfungie nje, asije akamrukia."

Voilà. Mkenya na Mkongo, tumelelewa sawasawa. Kwetu mgeni akipiga hodi, kitu cha kwanza mbwa anatoweka. Mgeni akimkuta mbwa sebuleni, kesho mtaa mzima unajua unaishi namna gani. Basi Jumamosi nilitoka kazini, sikugusa kitanda. Nilipiga deki kwa magoti. Nilitoa kila unywele kwenye kiti. Kikapu, bakuli, ngazi ya mbao, blanketi lake dogo, vyote nikavisukuma ndani ya kabati na kufunga kwa ufunguo. Nilipika wali, sombe na samaki. Nikavaa kitenge changu kizuri. Biskuti nikamfunga kivulini nyuma ya nyumba, akanitazama kama mtu aliyefukuzwa kazi bila kosa. Nikamwambia, "Vumilia kidogo, papa, ni kwa ajili yako." Nilipotazama chumba, eish, kiling'aa. Hakuna ambaye angejua mbwa amewahi kupita hapo.

Mkaguzi aliitwa Madame Moonsamy, mama wa makamo, Mhindi wa hapa hapa Durban, miwani yake inaning'inia shingoni kwa mnyororo. Alikaa, akavaa miwani, akafungua faili. Nilimsogezea sahani, akasema asante, baadaye. Alitazama sakafu, kona, chini ya meza. Kadiri alivyotazama, mimi nilijisifu moyoni. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, changu kinachechemea lakini kinafika.

"Maji yake yako wapi?" akauliza.

"Nje, madame."

"Na kitanda chake?"

Kweli ilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mgeni mwenye faili, siku ya kwanza kwangu, nimwambie nini? Nalala na mbwa? Nikainua kidevu.

"Analala nje, madame. Ni mbwa."

Kalamu ikaandika. Halafu akavua miwani, akasema kwa upole mkubwa, na upole ule ndio ulionitisha. Mbwa wa aina hii halali nje. Unyevu unaumaliza mgongo wake. Ndiyo sharti la kwanza la kikundi, na hakuna anayesamehewa. Alikuwa anaona mimi ni mtu safi, mwenye bidii, lakini humu ndani haoni alama hata moja ya mbwa. Kamba iko kwenye gari, akasema. Anakwenda kuileta.

Kwanza nilipandwa na hasira. Ndivyo nilivyo, naogopa kwa kugomba. "Madame, mimi nimesimama usiku kucha! Nimepiga deki kwa magoti kwa ajili yako! Chakula hukugusa, sasa unanichukulia na mbwa?" Halafu nikanyoosha kidole kwenye kitanda. "Nimekudanganya. Analala na mimi. Hapo kitandani, kila siku."

"Mama," akasema, "kila mtu anasema hivyo nikitaja kamba."

Nikafungua kabati. Vitu vikaporomoka miguuni pake, kikapu, bakuli, blanketi. Akatikisa kichwa. Kikapu kilikuwa kipya kabisa, hata karatasi ya dukani ilikuwa bado inaning'inia.

Nikatoka, nikamfungua Biskuti, nikarudi naye. Nikaweka ngazi kando ya kitanda. Nikavua viatu mbele ya mgeni, nikalala na kitenge changu kizuri, nikaugeuzia ukuta uso. Nikasema, "Basi tazama."

Nilisikia kucha za Biskuti kwenye mbao. Polepole, moja, nyingine. Blanketi likainuka. Akaenda mpaka miguuni, akageuka, akarudi. Akajinyoosha, akashusha pumzi. Nilitaka kukaa hivyo dakika moja tu, halafu niinuke, nimwambie madame, umeona?

Lakini mwili haukuniuliza. Ukuta ulianza kulainika, ukawa mweupe, ukawa maji. Joséphine alikuwa anaosha vyombo ufukoni bila kelele, na mwanga ulikuwa umekaa juu ya kila sufuria. Akaniambia, "Mbona umechelewa?" Nikamwambia nilikuwa na mgeni. Akasema, "Mgeni amekula?" Sikukumbuka. Nilitaka kugeuka niangalie, lakini nilikuwa mzito, mzito vizuri, na ziwa lilikuwa linapumua mgongoni kwangu. Halafu likaacha kupumua.

Niliamka kwa ubaridi. Mgongoni hakuna mtu. Nikapapasa blanketi lote, hakuna. Kiti cha madame kitupu, faili halipo. Jua lilikuwa limehamia upande mwingine wa chumba. Nikajua: nimelala kama mjinga, na amechukuliwa nikiwa nimelala. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, na nikaona jinsi mchana wote utakavyokuwa, na wa kesho, na ule wa baada ya kesho.

Ndipo nikasikia kijiko.

Nyuma ya pazia la jikoni, Madame Moonsamy alikuwa amekaa kwenye kigoda changu na sahani ya sombe, karibu imekwisha. Biskuti alikuwa amekaa mbele yake, pua juu, anafuata kila tonge la samaki kwa macho. Msaliti mkubwa!

"Nilikuwa na nyumba nyingine saa tano," akasema madame kwa sauti ya chini. "Nimepiga simu, nimeahirisha." Akafuta mikono. "Mama, nimekagua nyumba nyingi sana. Kila mtu ananionyesha kitanda cha mbwa. Wananionyesha mto, vitu vya kuchezea, picha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala usingizi mbele yangu. Wala mbwa hakuwahi. Wote wawili mlikuwa mnakoroma."

Machozi yalikuwa yananitoka bila hata kuomba ruhusa. Nilimlilia Biskuti, kwa sababu nilimkana mbele ya mgeni na yeye akapanda kitandani kwangu vilevile, bila kinyongo. Nikamwambia hivyo, kwa Kiswahili, na madame akangoja nimalize ingawa hakuelewa hata neno.

Halafu akafungua faili juu ya meza. Kwenye mstari unaouliza mbwa analala wapi, alikuwa ameshafuta neno "nje" kwa mstari mmoja ulionyooka. Akanipa kalamu. "Andika mwenyewe," akasema.

Nikafuta uso kwa kitenge, nikainama, nikaandika: na mimi.