Kabati la Milango ya Vioo

Vipande vya mbao na makopo ya misumari vilikuwa vimerundikwa kando ya msumeno, na Pimamaji hakupata pa kukanyaga. Seremala huyo, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hakuwahi kutoka nyumbani bila chombo chake cha kupimia usawa, alisimama akautazama mrundo ule kwa uso wa mtu aliyekuta jeneza sebuleni kwake.

"Nani kamwaga takataka hizi hapa?"

Shemeji yake, kaka wa mkewe na mshirika wake kazini, alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti wala hakuinua kichwa. "Nimezitoa kwenye droo za lile kabati asubuhi, kabla hatujalipakia mkokotenini kwenda kwa binti yako. Au ulitaka akavae misumari?"

"Umezitoa zote?"

"Mpaka ya mwisho. Na kufagia nimefagia. Asante nayo naidai."

Katika karakana yao, fanicha inayongoja vioo hugeuzwa ghala. Droo za chini hushindiliwa vyuma na mabaki ya mbao hadi siku ya kupelekwa. Jana, baada ya kupachika vioo, Pimamaji alikuwa ameifungua milango yote miwili, akalisukuma kabati kwa nyuma kwa kiganja, nalo halikutikisika hata kidogo. Alijisifu mbele ya mteja mmoja aliyepita karakanani kwamba hata tembo angeliegemea. Kumbe kilicholishikilia sakafuni ni misumari yake mwenyewe.

Alitia bisibisi mfukoni akatoka na aproni yake kiunoni.

"Unakwenda wapi? Kiti hiki kinakusubiri," shemeji alisema.

"Kinisubiri."

Alitembea kama mtu anayefukuzwa, naye hakuthubutu kukimbia, maana mzee akikimbia barabarani watu huuliza nani kafa. Kichwani alikuwa akilipima kabati upya. Miguu ya mbele alikuwa ameirudisha ndani karibu upana wa kiganja, kwa sababu mama mkwe wa binti yake alitaka isionekane. Mama huyo alikuwa amesema kazi zake za zamani zilifanana na makabati ya kuwekea mafaili, naye Pimamaji, kwa kiburi, akakubali sharti hilo ili amfunge mdomo. Sasa kabati lote liliegemea kwenye mstari wa miguu ile. Uzito uliokuwa nyuma ya mstari ulilivuta likae. Uzito uliokuwa mbele yake ulilivuta lianguke. Tena haukuwa uzito peke yake, bali na umbali wake kutoka kwenye mstari. Mlango uliofungwa ulining'inia karibu na miguu, na madhara yake yalikuwa madogo. Mlango uleule ukifunguliwa, kioo chake kizito kilisogea mbele kabisa, na bila kuongezeka hata chembe kikapata nguvu maradufu ya kupindua. Ongeza mlango wa pili. Ongeza droo tupu iliyovutwa nje.

Ongeza mjukuu wake, ambaye tangu alipojua kutembea hakuona droo asiikanyage.

Alijaribu kujipoza kwamba binti yake alikuwa mwangalifu. Hakupoa. Alipofika kwenye kona alikuwa tayari anakimbia, aproni ikimpiga magotini, na muuza viatu akamwita, "Fundi, nani kafa?"

Alipita mlangoni bila hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya wakwe. Chumbani, milango yote miwili ya kabati ilikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa kitandani akikunja shuka, na binti yake akitafuta vibanio vya nguo dirishani. Mtoto alikuwa ameivuta droo ya chini, akaweka mguu mmoja ndani, kisha wa pili.

Miguu ya nyuma ya kabati iliinuka sakafuni, taratibu, bila kelele.

Pimamaji aliruka, akalikinga kabati kwa mbele, viganja vyote viwili kwenye ukingo wake wa juu kabisa. Huko juu, mbali na miguu, nguvu ya mikono miwili ilitosha kulizuia. Lakini hakuweza kuondoa hata kidole.

"Mtoeni mtoto."

"Babu, tunacheza?" mtoto aliuliza kutoka ndani ya droo.

Mama mkwe hakusogea. "Unaingia chumbani kwa watu bila hodi, halafu unatoa amri. Mtoto kafanya nini? Au kabati lako linaogopa watoto?"

"Mtoto hana kosa," Pimamaji alisema. "Nimelikosea mimi. Linaanguka."

Mama mkwe alitazama sakafuni, akaona mwanga chini ya miguu ya nyuma. Shuka lilimtoka mkononi. Alimnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani, akamrudisha nyuma hadi ukutani, na binti akaisukuma droo ndani. Kabati likakaa.

Kisha Pimamaji akatoa bisibisi, akaanza kulegeza bawaba za mlango wa kwanza, huku bega lake limekandamiza ubavu wa kabati.

"Baba, si ungelifunga tu ukutani?" binti aliuliza.

"Kufungwa litafungwa. Lakini nikiliacha na miguu hii, siku mkihama atakuja mtu alifungue ukutani, na yeye ana watoto wake."

Aliushusha mlango wa kwanza, kisha wa pili. Mama mkwe alikuwa bado amempakata mtoto. "Msubiri shemeji yako aje na mkokoteni," alisema, safari hii kwa upole. "Mtaa mzima utakuona unarudi na kazi yako."

"Waone."

Aliubeba mlango wa kwanza mgongoni, kioo kikiwa nje, akatoka nao barabarani mchana kweupe, na muuza viatu akajiona mzimamzima ndani yake, mdomo wazi. Pimamaji alimpita bila salamu. Bado alikuwa na mlango wa pili wa kurudi kuuchukua.