Maji ya Mapipa

Mimi nikionja maji nakuambia yametoka kisima kipi, na nani aliyachota. Mara ya mwisho nilisifu maji ya chemchemi mbele za watu, kumbe yametiririka kutoka paa la choo changu. Basi tuniache mimi, tumwangalie jirani yangu, Mama Mapipa.

Kazi yake ilikuwa kwenye banda la mgodi wa urani. Mapipa yalijazwa mawe ya taka yaliyopondwa, yale yale ya lile lundo lililo juu ya kisima chetu. Kila juma aliyamiminia maji safi kwa juu, akasubiri yachujike, akafungua koki ya chini na kukinga chupa za maabara. Ndivyo wangejua mvua inatuteremshia nini. Ikionekana sumu, mgodi ungelazimika kutuvutia bomba.

Asubuhi moja msimamizi alikuja, viatu vyake safi kuliko maji yetu.

"Mama, chupa za mwezi uliopita zimetuletea maneno."

"Ndiyo maji ya mawe, bosi."

"Leo jaza ya bomba la ofisini."

"Haya tunayokunywa hapa kazini?"

"Kwani ya bomba si maji?" Akacheka. "Mzee anaendeleaje?"

Mzee, mumewe, alichimba shimo la mgodi ule mpaka mapafu yakagoma. "Anapumulia mtungi wa hewa."

"Mtungi wa nani?"

"Wa zahanati yenu."

"Yetu, mama. Yetu sote."

Mama Mapipa alijaza chupa zote maji ya bomba, akafunga vizibo, akabandika namba za mapipa. Mapipa nayo aliyamiminia kama kawaida, mkono umezoea. Yaliyotoka chini aliyamwaga mferejini, na mfereji, kama kila kitu pale, uliteremka kisimani.

Majibu yaliposomwa, tuliitwa uwanjani. Msimamizi alisema kisima ni salama na habari ya bomba imekwisha. Watu wakaguna.

"Mbuzi wangu wanazaa wafu," fundi baiskeli alisema. "Nao hawajasoma majibu?"

Msimamizi hakukasirika. "Mimi mgeni. Muulizeni mwenzenu, yeye ndiye aliyekinga."

Macho yote yakamgeukia Mama Mapipa. Alivuta khanga kifuani.

"Haya, dada, tuambie," fundi alimsihi. "Tunywe, tusinywe?"

"Kunyweni," alisema. "Hata kwangu tunakunywa hayo hayo."

Tukaanza kuokota ndoo zetu. Ndipo bintiye, mimba imemtangulia, akasimama kwa kujishikilia begani kwangu.

"Mama. Mbona juzi ulinipokonya ndoo mlangoni ukaimwaga yote? Ukasema nisionje hata tone mpaka nijifungue?"

"Ndoo ilikuwa chafu, mwanangu."

"Ndoo mpya, mama. Hata karatasi ya dukani haijabanduka."

Mama Mapipa alifungua kinywa. Hakumtazama binti, wala sisi. Alimtazama msimamizi, naye alikuwa akitabasamu, akimsubiri aendelee.