Mabakuli Saba ya Bi Earline

"Mimi? Na mgongo huu ninaoupaka dawa kila siku, ndio nichomeke bango ardhini?" Shemasi Mims aliuliza, mkono kiunoni, bado amevaa suti ya kanisani.

"Mgongo huohuo jana uwanjani ulikuwa mzima," Bi Verlene Stokes akamjibu kutoka barazani kwake. "Uliruka kama chura ukimwita Kocha mzigo. Usinidanganye mie, Shemasi, na leo Jumapili."

"Mzigo nilimwita, sikatai. Pointi arobaini na moja kwa sita! Tena nyumbani kwetu! Lakini bango si langu."

"Basi limeota lenyewe, kama uyoga."

Bango lilikuwa katikati ya nyasi za Kocha Otha Renfroe, jekundu kwa jeupe, la kununua duka la vifaa vya ujenzi: NYUMBA INAUZWA. Kocha hakuwa anauza nyumba. Ila mji mzima wa Pruitt unajua, na sidhani kama jimbo zima la Mississippi kuna asiyejua, kwamba bango hilo likiota kwenye nyasi za kocha maana yake ni moja: funga virago.

Ng'ambo ya barabara, Lucius Gaddis aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia la jikoni. Yeye ndiye mkurugenzi wa michezo wa Chuo cha Tolliver, yaani bosi wa Kocha, anayefundisha timu ya futiboli ya Kimarekani. Mtaa mzima ulikuwa unatega sikio aseme neno, naye alikuwa na wiki saba hajasema na jirani zaidi ya salamu.

Alipokuja miaka sita nyuma, wachezaji walikuwa wanavalia helmeti zao kwenye darasa la hesabu kwa kukosa chumba cha kubadilishia, na kabla ya mechi wanakula mkate na siagi ya karanga. Lucius akawaganda waliosoma pale zamani, akiwaomba michango, mpaka wakawa wanamkimbia misibani. Akajenga chumba cha kunyanyulia vyuma. Akatandika nyasi mpya. Akahakikisha vijana wanakula mara tatu kwa siku na wakiumia wana daktari. Hata bendi ilipata sare mpya, na ile bendi ilivyo na majivuno! Watu wakasema sasa tutashinda. Wapi. Msimu huu mechi kumi, wamefungwa nane, na vijana wazuri wameanza kuhamia vyuo vingine, kwa sababu Kocha bado anafundisha mbinu za daftari lake la miaka kumi na tisa iliyopita. Lucius alikuwa amebadilisha kila kilichoweza kubadilishwa. Kilichobaki kilikuwa na jina, na mke, na meza yenye kiti cha Lucius.

Kiti hicho alipewa siku walipomzika Odessa, mkewe. Kila Jumapili baada ya kanisa alivuka barabara, akala kwa akina Renfroe, akacheka, akarudi kwenye nyumba yake kubwa akiwa na kitu cha kukumbuka hadi Jumatatu. Mpaka Oktoba, jioni ile baada ya kipigo cha nne, alipokata shauri moyoni kwamba Kocha lazima aondoke. Hakuona vipi atakula chakula cha mtu huku anampimia siku zake. Jumapili ya kwanza alisema ana mafua. Ya pili, ana ripoti. Kisha uongo ukamwishia, akawa haendi tu.

Bi Earline, mke wa Kocha, hakuuliza. Kila Jumapili aliacha bakuli mlangoni kwa Lucius, limefunikwa vizuri: kuku wa kukaanga, makaroni na jibini, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya moshi. Lucius alikula, akaosha bakuli, akakosa uso wa kulirudisha. Sasa yalikuwa saba juu ya meza, kila moja limebandikwa kipande cha utepe chini chenye jina, kama wanavyofanya akina mama wa kanisani ili vyombo visipotelee misibani.

Ijumaa rais wa chuo alikuwa amemwambia: "Subiri kwanza mechi ya mwisho, Jumamosi ya wiki ijayo, na watani wetu wa Harlan. Uwanja ujae. Jumapili umwambie." Lucius alisema sawa. Lakini alipolitazama lile bango, akaona itakuwaje: Kocha anawaongoza vijana uwanjani kwa mara ya mwisho, na kila aliyekaa jukwaani anajua isipokuwa yeye.

Akabeba mabakuli yote saba, akavuka.

Bi Verlene na Shemasi wakanyamaza. Bi Verlene kunyamaza, hiyo peke yake ni habari ya wiki.

Lucius aliyaweka mabakuli ngazini kwa Kocha, akaling'oa bango. Kocha akatokea barazani na soksi tu miguuni.

"Angalau wameandika namba ya simu?"

"Hawakuandika."

"Basi hata kuuza nyumba hawajui." Kocha alishuka ngazi taratibu. "Sema, Lucius. Umekuja na uso wa msiba."

"Mechi ya Harlan ndiyo ya mwisho kwako, Otha. Nilitakiwa nikuambie wiki ijayo. Nimeona bora ukitoka uwanjani ujue unaaga."

Kocha alitazama nyasi zake.

"Vijana wameambiwa?"

"Hapana."

"Nitawaambia mwenyewe. Ijumaa, baada ya mazoezi. Usinitumie mtu."

"Sawa."

"Hili nililijua tangu Oktoba," Kocha akasema. "Mtu hawezi kula kwako miaka mitatu halafu aache ghafla kwa mafua. Kazi nitaililia mwenyewe, usijali. Lakini dirisha lako la jikoni linatazamana na meza yangu. Jumapili saba nimekutazama ukila umesimama kwenye sinki, kama mtu anayesubiri basi. Ungekuja ukaniambia hapo mezani, ningekutukana, tungemaliza."

Kocha akalichukua bango mkononi mwa Lucius, akalitia kwapani, akazunguka nyuma ya nyumba. Hakusema karibu. Hakusema kwaheri.

Lucius akabaki kwenye nyasi peke yake, miguuni pake vishimo viwili vya bango. Ng'ambo, mlango wake aliouacha wazi ulikuwa unapigwapigwa na upepo, na hakuna wa ndani wa kuufunga. Akageuka kuelekea huko.

Mlango wa Kocha ukalia nyuma yake. Bi Earline alikuwa amevaa aproni juu ya gauni la kanisani, macho mekundu. Alikuwa amesikia kila neno. Hakumtazama. Aliinama ngazini, akayageuza mabakuli moja moja, akisoma.

"Sita yangu. Hili la Verlene."

"Aa! Earline!" Bi Verlene akapiga kelele kutoka kwake. "Kumbe unalo wewe! Nililitafuta mpaka nikamshuku mchungaji!"

"Utalipata, Verlene, nalo limejaa. Niache kwanza." Akayapakata mabakuli kifuani, ndipo akamwangalia Lucius. "Otha hatasema na wewe leo. Pengine hata Krismasi. Na mimi nina maneno yangu, utayasikia ukishashiba. Kiti chako sijakiondoa. Futa viatu, uingie ule."