Neno Lililokaa na Boazi

Jumanne saa tatu asubuhi Enesi wa Ihanda alifika kwenye dirisha la vibali, mpakani Tunduma, akiwa na cheti cha kifo cha mumewe, barua ya mtendaji wa kata na picha mbili za pasipoti. Mumewe, Boazi, alikuwa dereva wa lori. Alikufa kwa malaria upande wa Zambia. Jeneza lake lilikuwa kwenye kenta, hatua mia mbili kutoka dirishani, nyuma ya geti ambalo Enesi alikatazwa kulipita. Hiyo ilikuwa siku ya tatu jeneza likiwa pale. Madereva wenzake Boazi walikuwa wamelizungushia unga wa kahawa kukata harufu.

Karani alitazama karatasi, akasema kwa Kiingereza, "Wait." Akafunga dirisha.

Neno hilo lilitoka pale dirishani, likaja kukaa kwenye benchi kando ya Enesi. Lilikuwa mzee mfupi mwenye koti zito lisilofaa kwa jua lile, na pembe ya ng'ombe kiunoni.

"Shikamoo," Enesi akasema.

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Mume wangu yuko peke yake kule."

Kwao Ihanda maiti haachwi peke yake. Anayetoka kunywa maji anamwachia mwingine kiti. Jambo hili lilimuumiza Enesi kuliko hata foleni.

Simu ikaita. Ni shemeji yake, Ambwene. "Shemeji, kaburi limejaa maji tena. Tunakomba kwa ndoo. Wanasemaje huko?"

"Wamesema wait."

"Hiyo nayo ni tarehe ngapi?"

Mzee alisikia, akainamisha kichwa.

"Sikuzaliwa kwa kazi hii," akamwambia Enesi. "Mwanzo nilikuwa na maana ya kulinda. Wafaransa wa kaskazini walinitoa kwa makabila ya Kijerumani ya zamani, na Waingereza wakanipokea nikiwa bado mlinzi. Nilisimama ukutani kwa macho makavu, napuliza pembe adui akija. Aliyenitamka alikuwa anasema, nakuangalia. Baadaye nikapelekwa mezani kwa wakubwa. Weita wa hotelini ni mjukuu wangu, na yeye kazi yake ni kuangalia. Kisha watu wakaacha kuangalia. Wakabaki na kukaa na kungoja tu."

"Mipaka yote hiyo ulivuka na kibali gani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Enesi alifikiri kidogo. "Basi nenda ukakae naye, baba. Wewe hawatakuuliza."

Mzee akaenda. Askari wa getini alimwona, akampisha, maana daftari lake halikuwa na sehemu ya kuandika maneno. Mzee alipanda kenta, akakaa upande wa kichwa cha jeneza. Kutoka kwenye benchi Enesi aliliona lile koti. Akanunua chapati, akala. Hakuwa amekula tangu Jumapili.

Saa sita dirisha likafunguliwa. Karani alipokea karatasi za mtu wa kwanza, akafungua mdomo, na neno halikuwepo. Akajaribu tena.

"Mulishani, bosi?" dereva mmoja Mzambia akamsalimu kutoka kwenye foleni. "Ulimi nao umekwama mpakani?"

Watu walicheka, wakasimama, wakanyoosha karatasi zao. Waliona kwamba mtu asiye na neno la kuwazuia itabidi afanye kazi. Karani akainua kiganja, akakionyesha kwa foleni nzima, akafunga dirisha. Watu wakakaa.

Kibali kilitoka Jumamosi. Mzee alishuka kwenye kenta magoti yamekaza.

"Hajakaa peke yake hata kidogo," akasema.

"Asante, baba."

Alikwenda na Enesi na jeneza hadi Ihanda. Jumapili Ambwene alikomba ndoo ya mwisho, na Boazi akazikwa. Mzee hakurudi Tunduma. Siku hizi analinda kahawa ya Enesi inapoanikwa, na mbuzi wakisogea anapuliza pembe. Majirani wanasema analala kidogo sana kwa umri wake.

Pale dirishani neno lile halisikiki tena. Kiganja kinatosha. Jumatatu iliyofuata Yunisi, mwanamke wa Kamsamba ambaye maiti ya dada yake ilikuwa nyuma ya geti, alionyeshwa kiganja hicho. Alikaa kwenye benchi lile lile, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu wa kumtuma akakae na dada yake.