Mtani wa Mkuu

Mchana ule Mkuu aliwasimulia mawaziri kisa cha mbuzi na hakimu, akafika katikati akasahau mwisho wake. Akanyamaza akiutafuta. Mawaziri wakacheka. Wa fedha alicheka mpaka akatoa leso, na aliyekaa kulia kwa Mkuu akapiga meza, akaapa kwamba kisa kitamu kama hicho hajapata kukisikia. Mkuu akawatazama mmoja mmoja, moyo ukamshuka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbuzi aliishia wapi.

Walipotoka alibaki na meza ndefu na bilauri za maji ambazo hazikuguswa. Ndipo akaagiza aletewe fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa rafiki yake tangu kiwanda cha ngozi, walikokaa benchi moja kabla ya kuwaongoza wenzao kuupindua utawala wa zamani. Walipokuwa wamejificha darini, Mkuu alikoroma kama trekta bovu, na fundi ndiye aliyekesha akimbana pua ili askari wasiwasikie. Jina la utani la Koroma ni fundi aliyempa. Haikupita siku bila kumtania, na Mkuu naye akimrudishia, wakashiba vicheko pale ambapo chakula hakikuwapo.

Kisha ukaja ushindi, zikaja picha ukutani, ikaja sheria ya kumkinga kiongozi na kejeli. Mkuu aliitia sahihi mwenyewe. Aliambiwa ni ya muda tu.

Fundi aliingia amevaa shati lililopigwa pasi, kofia mkononi. Akasimama karibu na mlango, ubavuni mwa mlinzi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Tangu lini ukaniamkia shikamoo? Si tumezaliwa mwaka mmoja?"

Mkuu akamvutia kiti kwa mkono wake, akamuuliza habari za watoto, za mgongo, za kazi. Yote yalikuwa mazuri, fundi alisema, kwa juhudi za serikali. Mazungumzo yakakauka. Mwishowe Mkuu akasema polepole, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua:

"Nitanie."

"Kuna sheria, Mheshimiwa."

"Sheria si yangu? Nakuondolea leo. Nitanie, bwana. Nimekuwa kama maiti, kila anayekuja ananisifu tu."

Fundi akamwangalia. Mkuu akaiona huruma ikipita usoni pake, kisha kona ya mdomo ikacheza, vilevile kama zamani.

"Haya, Koroma. Enzi zile ukikoroma tulikubana pua. Siku hizi ukikoroma tunaambiwa ni hotuba, tunapiga makofi."

Mkuu akaangua kicheko kutoka tumboni, machozi yakamlengalenga. Kwa muda ule mfupi alikuwa darini tena, ana njaa, ana rafiki.

Halafu akasikia kicheko kingine. Kilitoka mlangoni, kidogo, kikakatwa haraka.

Mkuu akaacha kucheka. Fundi ni fundi, lakini huyu? Huyu atakwenda kusimulia wapi? Alijua kwamba hasira ile ni ya kipuuzi. Aliiona ikija, na angeweza kuipisha ipite. Akainuka nayo.

"Wewe umecheka nini?"

Mlinzi akakauka kama gogo.

"Hajacheka, Mheshimiwa," fundi akasema. "Amekohoa."

"Nimekohoa, Mheshimiwa," mlinzi akadakia, na ili aaminike akakohoa tena, na tena, macho yamemtoka pima.

Mkuu alijua, na wao walijua kwamba anajua. Akasubiri fundi acheke, maana hapo palikuwa na mzaha mtamu kuliko ule wa kwanza: mwanamume mzima, bunduki begani, anakohoa kwa kuogopa. Zamani wangeuchekea wiki nzima. Lakini fundi alikuwa ameshainuka, amesimama kati ya Mkuu na mlinzi, uso hauna kitu.

Mkuu akakaa. Akasema basi, kikohozi si kosa, mlinzi akatafute dawa. Mlango ulipofungwa, akamwambia fundi aje Jumamosi wale pamoja, wawili tu, pasiwe na mtu wa kuwasikia.

"Ukiagiza nitakuja, Mheshimiwa."

"Siagizi. Nakuomba."

Fundi akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza gari litamfuata saa ngapi.